Barua Ambazo Roy Hakuzitupa

Katika chumba cha kusomea nyaraka za kihistoria, Maktaba ya William Cullen, Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, kalamu ya wino hairuhusiwi. Mkoba unauacha nje. Unaingia na penseli, daftari na kompyuta, unajaza fomu, halafu unakaa kusubiri kama mtu aliyeagiza chai. Linaletwa sanduku la karatasi ngumu. Unafungua faili moja, unairudisha, ndipo unafungua nyingine. Ukivuruga mpangilio wa karatasi utaonywa, na mimi nilionywa siku ya kwanza.

Siku hiyo niliagiza vitu viwili. Cha kwanza ni kumbukumbu za kesi ya uhaini ya Delmas, iliyosikilizwa kuanzia mwaka 1985 hadi 1988. Cha pili ni karatasi za Simon Nkoli, zikiwamo barua alizoandika akiwa mahabusu katika kesi hiyohiyo. Mikusanyiko yote miwili inatunzwa katika jengo hilo moja. Katika ule wa kwanza Nkoli ni mshtakiwa mmoja kati ya 22: jina kwenye orodha, mtu wa kuulizwa alikuwa wapi tarehe fulani na nani alisema nini mkutanoni. Katika wa pili ni mtu anayempenda mtu.

Nilikuja Johannesburg kusomea shahada ya uzamili katika historia, na tasnifu yangu ni juu ya barua za wafungwa wa kisiasa. Hivyo ndivyo ninavyojibu nikiulizwa nyumbani, na si uongo.

Nyumbani ni Malindi. Nalitaja kwa sababu ukiingia katika ukumbi wa maktaba hii, ukainua macho, utamwona Vasco da Gama. Ni mchoro mkubwa ukutani, Wareno wanajiandaa kusafiri kuja upande wetu wa dunia. Upo pia mchoro wa walowezi wa Kiingereza wa miaka ya 1820. Mwaka 1999 uliongezwa wa tatu, kazi ya Cyril Coetzee, unaoisimulia safari ileile kwa kuikejeli, Wareno wakionekana kama ndege na wanyama wa ajabu machoni pa wenyeji wanaowatazama kutoka ufukweni. Mimi nimekua karibu na ile nguzo ya da Gama, watalii wakiipiga picha. Wiki ya kwanza nilikuwa nakaa chini ya mchoro huo wa tatu bila kusoma chochote.

Jengo lenyewe limetokana na moto. Mkesha wa Krismasi mwaka 1931 maktaba ya kwanza ya chuo iliungua, vitabu kwa maelfu vikapotea, na hii ikafunguliwa mwaka 1934. Nilipolisoma hilo nilikumbuka moto mwingine, mdogo, wa uani kwetu. Nitaufikia.

Simon Tseko Nkoli alizaliwa Soweto mwaka 1957. Amesimulia mwenyewe, katika insha iliyomo kwenye kitabu Defiant Desire cha mwaka 1994, kwamba alipokuwa mtoto polisi walikuja kusaka watu wasio na vibali vya kuishi pale, naye akawafungia wazazi wake ndani ya kabati la nguo wasionekane. Insha ile aliipa jina la kabati. Kwa Kiingereza mtu anayeficha kwamba anapenda jinsia yake husemwa kuwa yumo kabatini. Nkoli alianza na kabati lenye baba na mama ndani yake, ndipo akafika kwenye hilo jingine.

Septemba 1984 vitongoji vya Vaal, kusini ya Johannesburg, Sebokeng kikiwamo, viliwaka. Watu walikataa kupandishiwa kodi za nyumba. Madiwani kadhaa waliuawa, na polisi wakawafyatulia watu risasi. Nkoli alikuwa na miaka 26, mwanaharakati wa wanafunzi na wa wapangaji. Alikamatwa mwezi huohuo. Alikaa ndani karibu miezi tisa ndipo akasomewa mashtaka ya uhaini pamoja na wenzake 21, wakiwamo Popo Molefe na Patrick Lekota. Adhabu ya uhaini ingeweza kuwa kitanzi.

Wakiwa mahabusu aliwaambia wenzake kwamba yeye ni shoga. Kukawa na mzozo. Wapo waliotaka kesi yake itenganishwe na yao, wakihofia kwamba upande wa mashtaka ungemtumia kuwachafua wote. Walibishana kwa muda mrefu, na mwisho wakakaa naye kizimbani wote pamoja. Lekota alikuja kusema, miaka mingi baadaye, kwamba baada ya kufungwa na Simon wasingeweza tena kuandika katiba inayowabagua watu kama yeye, ilhali alikuwa ameubeba mzigo uleule waliobeba wao. Mwaka 1994 Molefe na Lekota wote wawili walikuwa wakuu wa majimbo, na katiba ya mwaka 1996 ikakataza ubaguzi kwa misingi ya mwelekeo wa kimapenzi, ikiwa miongoni mwa katiba za kwanza duniani kufanya hivyo. Mwanahistoria mwenye hadhari hatasema kwamba kifungu hicho kilizaliwa katika chumba cha mahabusu. Walikuwapo wanasheria, walikuwapo wahamishwa waliorudi kutoka Ulaya na mawazo yao, yalikuwapo majadiliano marefu. Lakini ukizisoma kumbukumbu za kesi, maelfu ya kurasa, huoni hata dalili ya mabishano yale. Makarani wa mahakama waliandika yaliyosemwa mbele ya jaji, na hili lilisemwa usiku, kati ya watu waliokuwa na sababu ya kunong'ona.

Upande mwingine nao haukumpokea. Wakati ule chama kikubwa cha mashoga nchini kiliitwa GASA, kilichoundwa mwaka 1982, na wengi wa wanachama wake walikuwa Wazungu. Nkoli alikuwa mwanachama, na ndani yake alikuwa ameanzisha kikundi cha Weusi kilichokutana Jumamosi. Alipokamatwa, chama kilinyamaza. Kilisema hakijihusishi na siasa. Waliopiga kelele walikuwa wa mbali, kama wale wa Toronto walioanzisha kamati ya kupinga ubaguzi wa rangi kwa jina lake, na mwaka 1987 shirikisho la kimataifa la vyama hivyo likaitenga GASA. Hii ndiyo sehemu ya historia hii inayonikasirisha kuliko zote, zaidi hata ya polisi. Polisi hawakuwahi kudai ni ndugu zake.

Sasa barua.

Ziliandikwa kwa Roy Shepherd, mpenzi wake, ambaye alikuwa Mzungu. Ziliandikwa kwa Kiingereza, ingawa lugha ya nyumbani kwa Simon ilikuwa Kisotho. Kila barua ya mahabusu ilisomwa kwanza na mkaguzi wa gereza. Fikiria jambo hilo: mapenzi kati ya wanaume wawili ni kosa la jinai, mwandishi yumo gerezani kwa kosa jingine la kunyongwa, na msomaji wake wa kwanza ni askari wa serikali hiyohiyo. Na bado anaandika kwamba anapenda. Nilitarajia mafumbo, kama taarab zetu, ambapo kila mtu anajua anayeimbwa na hakuna anayetajwa. Sikuyakuta kwa kiasi nilichotarajia. Nilikuta mapenzi, wivu, malalamiko ya barua zilizochelewa, habari za kesi, na mambo madogo ya nyumba ambayo mtu aliye nje hayaoni kuwa na maana. Barua za mashujaa huwa tunazisoma kutafuta maneno ya kuandika ukutani. Hizi nyingi hazifai ukutani. Ni za mtu anayetaka kujua kama bado anakumbukwa.

Mwaka 2007 zilichapishwa kama kitabu, kwa hiyo si siri tena. Lakini kuzisoma kitabuni na kuishika karatasi yenyewe ni vitu viwili. Karatasi ina mikunjo. Mikunjo inaonyesha kwamba ilikunjuliwa zaidi ya mara moja.

Simon alitoka kwa dhamana mwaka 1987 na akaachiwa huru katika hukumu ya Novemba 1988. Waliotiwa hatiani nao walishinda rufaa mwaka uliofuata. Aliyoyafanya baadaye ndiyo yanayojulikana zaidi: mwaka 1988 alianzisha GLOW, chama cha mashoga na wasagaji wa Witwatersrand kilichokuwa cha watu wa rangi zote, tarehe 13 Oktoba 1990 yeye, Beverley Ditsie na wenzao waliongoza maandamano ya kwanza ya aina yake barani Afrika, yakianzia hapa Braamfontein, mtaa uleule wa chuo. Watu kama 800 walijitokeza, wengine wakiwa wamevaa mifuko ya karatasi vichwani, imetobolewa macho, maana kazi zao zilikuwa zinawangoja Jumatatu. Alisema siku hiyo kwamba yeye ni Mweusi na ni shoga, na kwamba hawezi kuyagawa hayo kuwa mapambano mawili. Alikuwa na virusi vya UKIMWI, na alikuwa mmoja wa Waafrika wa kwanza nchini kulisema hilo hadharani. Alifariki tarehe 30 Novemba 1998. Wiki chache kabla, mahakama ya katiba ilikuwa imeifuta sheria iliyomfanya mhalifu. Miaka minane baadaye, tarehe ileile ya kifo chake, sheria ya ndoa za jinsia moja ilianza kutumika.

Ni katika muda huo, mwaka 1997, makavazi haya yalipoanzishwa. Huitwa GALA. Yalianza kama mradi wa shirika lililokuwa likikusanya nyaraka za mapambano dhidi ya ubaguzi wa rangi, na waanzilishi waliona jambo rahisi kabisa: nyaraka za mapambano zilikuwa zinakusanywa kwa wingi, lakini watu hawa hawakuwamo, au walikuwamo kama watuhumiwa. Ofisi yao ikawa Braamfontein, na mikusanyiko ikatunzwa hapa Cullen. Zipo karatasi za vyama, magazeti, fulana, mabango, kanda za mahojiano. Zipo picha za Kewpie, msusi wa District Six, Cape Town, mamia ya picha: Kewpie amevaa gauni la dansi, Kewpie na marafiki mtaani mchana kweupe, majirani wakipita bila kushangaa. District Six ilitangazwa kuwa ya Wazungu mwaka 1966 na watu zaidi ya 60,000 wakahamishwa kwa nguvu, nyumba zikabomolewa. Ukitaka kujua mtaa ule ulivyoonekana, utaangalia, pamoja na vitu vingine, albamu ya msusi huyu. Nilipenda hilo sana. Aliyekusudia kuhifadhi sura yake alihifadhi na kuta za jirani.

Nimekuwa nikitumia neno shoga, na msomaji wa pwani atakuwa amekunja uso kidogo. Kwa bibi yangu, shoga alikuwa rafiki wa kike wa mwanamke, wa kupikiana na kuambiana siri. "Shoga yangu amekuja," anasema, na chai inatengwa. Neno hilohilo akitupiwa mwanamume mtaani ni jiwe. Nilijaribu kutengeneza orodha ya maneno ya Kiswahili ambayo makavazi kama haya yangeyatumia katika katalogi. Niliandika nane au tisa. Mengi ni matusi, mengine ni ya ofisini mno, marefu kama kichwa cha sheria. Hakuna hata moja ambalo ningeliandika juu ya sanduku lenye barua za mtu ninayemjua.

Na hapo ndipo ninapofika kwenye moto wa uani.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa fundi cherehani. Hakuoa. Alikuwa na rafiki aliyekwenda Dubai kufanya kazi miaka ya themanini, akabaki huko. Barua zilikuja kwa miaka mingi, bahasha zenye mistari ya buluu na nyekundu pembeni, na mjomba alizitia katika sanduku la bati lililokuwa chini ya meza ya kukatia nguo. Sisi watoto tulipewa stempu. Sikuwahi kujua kilichoandikwa ndani na sitadai kwamba ninajua leo. Alifariki nikiwa na miaka kumi na miwili. Siku ya tatu, hitima ilipokwisha na wageni walipotawanyika, mama alilitoa sanduku uani, akawasha moto wa vifuu kwenye mafiga, akazitia barua moja moja. Hakuzisoma. Nakumbuka vizuri kwamba hakuzisoma. Alikuwa akigeuza uso. Nikauliza anafanya nini. Akasema, "Namsitiri ndugu yangu."

Nimeishi na sentensi hiyo kwa zaidi ya miaka kumi. Nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, na nimeanza kujua maneno makubwa, niliiita ufutaji wa historia. Sasa sina uhakika. Kusitiri kwetu ni wema. Tunamwomba Mungu atusitiri duniani na akhera. Maiti husitiriwa kwa sanda. Mama alikuwa akifanya kwa barua alichofanyiwa mwenye barua siku mbili kabla. Tena alikuwa na sababu za kidunia. Kifungu cha 162 cha sheria ya makosa ya jinai ya Kenya, tulichorithi kwa Waingereza, kinaweza kumpeleka mtu jela miaka 14. Mwezi Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta. Mtu aliyekwisha kufa hafungwi, lakini rafiki wa Dubai alikuwa hai, na majirani walikuwa hai, na jina la babu lilikuwa hai.

Yaani hata mimi mwenye tasnifu, nikipewa leo sanduku lile, ningelipeleka wapi? Makavazi ya taifa Nairobi yamejaa faili za serikali, na serikali huwaandika watu kama hao pale tu inapowashtaki. Utapata majina, tarehe, kosa, hukumu. Upande wa Delmas tunao. Upande wa barua umebaki chini ya vitanda vya watu, ukingoja mazishi.

Kwa hiyo ninapoishika karatasi yenye mikunjo sifikirii sana juu ya Simon. Nafikiri juu ya Roy. Simon alikuwa jasiri mahali ambapo ujasiri unaonekana. Roy alipokea bahasha, akasoma, akakunja, akaweka. Wakati huo kuwa nazo nyumbani ilikuwa ni kuwa na ushahidi: wa kosa la mapenzi, na wa urafiki na mtu aliyeshtakiwa kwa uhaini. Angezichoma, hakuna ambaye angemlaumu. Huenda hata Simon angeelewa. Hakuzichoma, hakuzitupa, na bila hilo mimi ningekuwa nimesoma sanduku moja tu na kuamini kwamba nimemaliza.

Kuna jambo linaloniudhi pia, na sitaki kulificha. Simon alimwandikia Roy. Hakuniandikia mimi. Mkaguzi wa gereza alikuwa msomaji wa pili asiyealikwa, na wahariri wa kitabu, na mimi na penseli yangu, tunamfuata katika mstari huohuo. Zipo barua nilizozisoma nikageuza uso, kama mama. Mojawapo niliirudisha katika faili bila kunakili chochote, ingawa ingefaa sana katika sura ya tatu. Msimamizi wangu akiona insha hii atauliza ni ipi.

Jumapili iliyopita mama alinipigia simu. Huwa anauliza kama kuna baridi na kama ninafungua mlango usiku, maana sifa za Johannesburg zimemfikia. Safari hii aliuliza ninasoma nini hasa. Nikamwambia. Nilimwambia yote: kesi, mahabusu, barua, na barua ziliandikwa kwa nani. Akanyamaza mpaka nikadhani vocha imekwisha.

"Na mamake?" akauliza.

"Mamake Simon? Alimpeleka kwa waganga alipojua."

"Mm. Ningempeleka na mimi." Akanyamaza tena. "Ilisaidia?"

"Haikusaidia, mama. Baadaye alikubali."

Nikasikia anavuta kiti. Kisha akauliza zile barua zimewekwa ndani ya nini. Nikasema, masanduku ya karatasi ngumu.

"Yana kufuli?"

"Masanduku hayana. Chumba ndicho kina kufuli."

"Na ufunguo anao nani?"

Nikamwambia, anao mama mmoja pale maktaba, wa rika lake, mkali, hataki mtu aingie na kalamu ya wino wala alambe kidole akifunua karatasi.

"Haya," akasema. "Umekula lakini?"